Ada ya Chome

Msambweni, masika ya mwaka 1964

Jumapili, 29 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, na paa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya rafu ileile ya vitabu. Mwanasiti, mke wangu, anasema paa hili limechoka na hoja zangu. Nimemwambia makuti hayasomi. Akasema ndiyo maana yamelala kwa amani mpaka leo.

Nimefungua daftari hili kwa sababu nina vita. Ijumaa baada ya sala Sheikh Abdulrahim wa Munje alisimama akatwambia kwamba mtu anayesoma uradi bila ijaza, yaani bila idhini ya mwalimu aliyepewa idhini na mwalimu wake, ni kama mtu aliyedokoa chungu cha jirani: atashiba, lakini ameiba. Alikuwa akinitazama mimi. Msikiti mzima ukanigeukia. Ni kweli, sina ijaza ya mtu. Nilikaa zaidi ya miaka ishirini katika nyumba ya chapa Mombasa nikipanga herufi za risasi, na kila nilichokipanga nilikisoma, fikihi, siasa, historia, hata matangazo ya sabuni, tena nilikisoma kinyume, maana herufi za chapa hutazama nyuma. Mtu aliyeisoma dunia kinyume hahitaji kushikwa mkono ili aisome wima. Nitamjibu Sheikh kwa kijitabu. Kitaitwa Mlango Hauna Bawabu. Kurasa nne zimekwisha, zote kali.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Ukurasa wa tano nimeufuta, nikauandika upya, mkali zaidi.

Jumapili, 5 Aprili

Kiwanda cha sukari kimefungwa, kama kila masika, kwa kuwa matrekta hayawezi kutoa miwa matopeni. Kwa hiyo rafiki yangu Bwana Wimalasena ana nafasi, na jana alasiri alikuja kunywa kahawa. Huyu ni mtu wa Ceylon, mpishi mkuu wa sukari pale kiwandani tangu kabla mimi sijarudi kutoka Mombasa, na ni Mbuddha. Ukimtukana anatabasamu. Nimejaribu. Napenda kubishana naye kuliko mtu yeyote wa pwani hii, kwa sababu hakasiriki wala hakubali.

Alikuja na habari za Chome, msaidizi wake. Chome ni Mduruma, mrefu, mwenye mikono kama makasia, na hapa kwetu hakuna asiyemjua. Alikuwa akishalewa mnazi anapiga, na mkewe Dama alirudi kwao Lungalunga akaapa hatakanyaga tena huku. Mwaka jana Chome aliharibu sufuria kuu nzima ya sukari kwa kuchezeachezea mvuke. Wimalasena hakumfukuza. Alimwekea kiti mbele ya kidirisha cha kioo kinachoonyesha shira inavyochemka, akamwambia, "Shira inataka jicho, haitaki mkono. Kaa utazame tu." Chome akakaa. Baada ya majuma kadhaa akauliza mbona akiitazama shira hasira zake hushuka. Wimalasena akamwambia iko njia ya kutazama pumzi vivyo hivyo, nayo ni njia ya Buddha. Tangu hapo kila alfajiri Chome hukaa kitako akazitazama pumzi zake. Mnazi hajaonja. Dama amerudi. Juzi niliwaona kwa macho yangu, mume na mke, wakipalilia muhogo na kutaniana kama maharusi.

Nikamwuliza Wimalasena alimwingizaje katika dini yake.

"Sikumwingiza popote," akasema. "Alikaa."

Kahawa sikuimaliza. Nilikwenda kutafuta kalamu.

Alhamisi, 9 Aprili

Wimalasena amekuja mchana huu, amelowa, na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku mweupe. Alikuwa amefadhaika, nami sijapata kumwona hivyo.

Asubuhi Chome alimwendea nyumbani kwake akiwa amemfunga kuku huyu miguu, na kipande cha bafta begani, na kisu. Akachutama mlangoni akasema, "Bwana, nimekuja kununua." Kila mtu wa huku angemwelewa. Kwa Waduruma na Wadigo uganga haupewi mtu bure. Hulipiwa ada, na mwenye kuutoa huutia mkononi mwa mwenye kuupokea mbele ya watu. Hata mchimba mizizi porini huacha kitu kidogo shinani kabla ya kuchimba, la sivyo dawa ni kuni tu. Lakini Wimalasena aliona kisu na kuku. Katika njia yake ahadi ya kwanza ni kutoua. Akarudi nyuma akipunga mikono: "Hapana, usichinje, sitaki." Chome akasikia hilo neno moja, sitaki. Akamfungua kuku miguu, akamwacha barazani, akaenda zake na bafta yake mvuani.

"Nimekosea nini?" Wimalasena aliniuliza.

Nilimwambia hakukosea. Nilimwambia amefanya jambo ambalo masheikh wa ulimwengu mzima wangepaswa kulifanya: amekataa kuuza kisicho chake. Akaomba tumweke kuku, maana jirani yake ana mpishi mwenye tamaa. Mwanasiti amemchanganya na wetu.

Ijumaa, 10 Aprili

Kurasa sita kwa siku moja. Chome ndiye hoja yangu. Mtu asiyejua kusoma, asiye na mtawa wala hekalu, hakupewa mkono wala hakulipa ada, ameshika njia na njia imemshika. Nani alimpa idhini? Pumzi zake mwenyewe. Sheikh ajibu hilo.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekutana na Chome kwenye duka la Mbohora. Nikamweleza kwa furaha kwamba hana haja ya kupewa chochote na mtu yeyote, kwamba yeye ni huru kuliko Sheikh. Alisikiliza kwa adabu, ameinamisha kichwa. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Watu huku huniita mwalimu kwa sababu ya miwani.

Jumapili, 19 Aprili

Mchana kutwa na Wimalasena. Anataka kumfanyia Chome jambo dogo. Kwao mtu husema mara tatu kwamba amemkimbilia Buddha, na mafundisho yake, na jamaa ya watawa wake, kisha hushika ahadi tano. Desturi ni kuyafuatisha maneno hayo nyuma ya mtawa. Pasipo mtawa mtu anaweza kuyasema mwenyewe, na hakuna wa kumwambia si mfuasi. Wako wengine, anasema, wa milima ya kaskazini, wanaoshikilia kwamba bila mwalimu kukufungulia hakuna njia. Kwao Ceylon si hivyo.

Nikamwuliza Buddha mwenyewe alipewa na nani. Akasema alikuwa na walimu wawili, akawaacha, akaipata peke yake chini ya mti. Nikapiga meza. Akaongeza kwamba alipoipata tu alitembea mwendo mrefu kuwatafuta rafiki zake watano awaambie. Hilo la mwisho sijalitia katika kijitabu.

Kisha akanijia na shira yake. Shira ikiwa tayari, alisema, ni maji mazito tu. Ukiiacha itafanya chembe yenyewe, ila hujui lini, na chembe nyingine zitakuwa kubwa, nyingine vumbi. Kwa hiyo mpishi hutia sukari ya zamani, kiasi cha kushika kwa vidole, iwe mbegu, na sufuria nzima hufuata.

"Na sukari ya kwanza duniani ilitiwa mbegu na nani?"

"Hakuna. Ilijifanya."

"Basi."

"Ndiyo, basi," akasema. "Lakini mimi nimeajiriwa kwa sababu watu hawawezi kungoja."

Nilicheka mpaka Mwanasiti akachungulia. Hata hivyo sikumwachia. Nilimwambia, ukimpa leo, kesho ataamini kwamba bila wewe hana kitu. Utakuwa umemvisha kamba shingoni kwa mkono wa upole. Wimalasena, ambaye hanikubalii kamwe, safari hii alinikubalia. Alisema kwamba yeye si mtawa, ni mpishi wa sukari, na labda ni kiburi. Aliondoka. Nilijiona nimeshinda.

Alhamisi, 23 Aprili

Idd. Sheikh Abdulrahim alinikumbatia baada ya sala akaninong'oneza, "Bado unadokoa?" Nikamwambia chungu chako hakina chumvi. Mchana akaniletea mguu wa mbuzi. Ni adui mzuri sana.

Jumanne, 28 Aprili

Redio inasema Tanganyika na Unguja zimekuwa nchi moja. Mwanasiti ana nduguze Pemba, hajaondoka karibu na redio leo. Kuku mweupe ametaga chini ya kitanda cha kamba.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua juu ya mvua. Barabara ya kwenda Ukunda imekatika. Wimalasena ameambiwa kwamba kazi yake itashikwa na mwananchi, naye atapanda meli mwezi ujao. Nimeandika makala makali juu ya kuwapa wananchi kazi zao, tangu uhuru haujaja. Sikufikiria kwamba moja ya kazi hizo ina kikombe chake katika nyumba yangu.

Jumatatu, 11 Mei

Siku mbaya.

Asubuhi Mishi, binti yetu, alirudi kisimani akasema mlango wa Chome umelala chini. Nilikwenda. Mlango kweli ulikuwa chini, umepigwa kwa bega mpaka bawaba zikang'oka. Vyungu vimevunjika. Chome alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduka, ananuka mnazi, macho mekundu. Dama hakuwapo. Alikuwa ameondoka na khanga zake kabla ya jua kuchomoza. Hakumpiga, aliniambia Chome mwenyewe. Alipiga mlango badala yake. Alisema hivyo kama mtu anayetaja jambo jema la mwisho alilobaki nalo.

Nilimfokea. Nilimwambia amevunja kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya kibuyu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema alisikia Bwana anaondoka. Alikaa alfajiri kutazama pumzi kama kawaida, na pumzi hazikukaa. Alijaribu kesho yake, hazikukaa. Akajua kitu kinamfuata mwenyewe, yaani Bwana.

"Hakimfuati," nikasema. "Nilikwambia. Ni chako."

"Mwalimu," akasema, "Bwana alinifundisha ahadi zao tano. Ya pili ni kutochukua usichopewa. Sasa hiki chenyewe, nilipewa au nilikichukua?"

Nilimwambia kwamba alipewa, kwamba mtu aliyekaa naye mbele ya kioo mwaka mzima alikuwa akimpa kila siku.

"Nilipoleta ada alisema hataki."

Nikaeleza habari ya kisu na kuku na ahadi ya kwanza. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Alikuwa amechoka. Akasema yeye alifikiri hivyo pia, akataka arudi kuuliza, lakini akakutana nami dukani nami nikamwambia kwamba hana haja ya kupewa. Na mimi ni mtu aliyesoma. Kwa hiyo hakurudi.

Nilikaa naye nikikusanya vigae vya vyungu, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Mtu huyu nilimtia katika kurasa sita za kijitabu. Sikupata kumwuliza swali hata moja.

Jumanne, 12 Mei

Nimemweleza Wimalasena. Amefunika uso kwa viganja. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa na mama wa kunisemesha maneno yale. Yeye alikuwa na mimi tu, nami nikampungia mikono." Anataka kumpa. Nimemwambia ampe. Mwanasiti alikuwa akipita na sinia, akasimama akauliza kama amesikia vizuri, Baba Mishi amekubaliana na mtu.

Lakini Chome amekataa kwenda. Anasema bila Dama kushuhudia ni bure. Mtu aliyeumia ni yeye.

Ijumaa, 15 Mei

Sheikh ametoa hotuba juu ya ulimi. Nzuri, kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 16 Mei

Nimetoka Lungalunga. Kwenda nilipanda lori la mkaa, kurudi nimetembea sana, magoti yanalia. Naandika kabla sijasahau alivyosema.

Dama alikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, Mzee Mramba, anatwanga mahindi. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo, baba," akanipa kigoda, akaendelea kutwanga. Nikaanza. Nilikuwa nimepanga hoja zangu tangu kwenye lori, nazo zilikuwa nzuri: kwamba Chome hakumgusa, kwamba anguko moja si safari nzima, kwamba njia ya Buddha iko ndani ya mtu na hakuna wa kuichukua. Alitwanga mpaka nikafika mwisho.

"Baba," akasema, "Mama Mishi ulimwoaje? Ulijiozesha?"

Nilisema hapana, palikuwa na walii, na mashahidi, na mahari.

"Kwa nini? Wewe ulimtaka, yeye alikutaka. Mngehamia tu."

Mzee Mramba, aliyekuwa ameegemea ukuta akijidai amesinzia, alianza kukohoa kwa namna ya mtu anayecheka.

Dama akaweka mchi kando. Alisema yeye hakatai kwamba Chome anaweza kukaa kimya bila kupewa na mtu. Hata jiwe hukaa kimya. Alisema mwaka huu aliishi na mume ambaye hajawahi kuwa naye, akawa kila asubuhi anaamka akimtazama amekaa pale, na anaogopa, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na anangoja mwenyewe aje adai. "Nataka akabidhiwe," akasema. "Nataka nione kwa macho yangu mtu akimwambia, shika, na yeye akisema, nimeshika. Ili siku akilegea awe na mtu wa kumwonea haya. Pumzi zake hawezi kuzionea haya. Ni zake."

Nikauliza kama akikabidhiwa atarudi.

"Nitakuja kutazama," akasema. "Kurudi ni neno lingine."

Njiani nimekuwa nikifikiri. Mlango hauna bawabu, niliandika, na nilidhani kazi ya bawabu ni moja, kumzuia mtu asiingie. Sikupata kufikiri kwamba mtu aliyekwisha ingia anaweza kumtaka bawabu kwa hiari yake, amzuie asitoke.

Sheikh asipate habari ya sentensi hii.

Jumatano, 20 Mei

Homa ya mvua. Mwanasiti amenikanda magoti kwa mafuta ya nazi na maneno.

Jumanne, 26 Mei

Leo ni mwezi mpevu ambao Wimalasena anauadhimisha kila mwaka peke yake, siku aliyozaliwa Buddha, na aliyoipata njia, na aliyofariki, zote tatu. Mwaka huu hakuwa peke yake.

Tulikusanyika barazani kwake baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imepumzika. Mwanasiti alikuwa ametunga asumini, Mishi amebeba kikapu cha kuku. Dama alikuja na baba yake, wote wamevaa vizuri, akaketi mbali na Chome. Chome alikuwa amenyoa, amejifunga bafta ileile. Mimi nilikuja kama rafiki, hivyo nilidhani. Mzee Mramba akauliza shahidi wa upande wa mume ni nani, maana Chome hana baba wala kaka. Wote wakanitazama. Mimi, mwandishi wa kijitabu kile, nikavuta mkeka nikakaa upande wa Chome. Mwanasiti alifunika mdomo kwa ukaya.

Wimalasena, kanzu nyeupe, aliketi nasi chini. Alisema kwanza, polepole, ili kila mtu asikie, kwamba yeye si mtawa na hana cheo cha kumfanya mtu chochote. Alisema kwao mwenye kutamka hatoi, anatamka tu, na mwenye kufuatisha ndiye anayechukua. Lakini alisema pia, "Nilitamkiwa na mama yangu jikoni. Yeye alitamkiwa na mjomba wake aliyekuwa mtawa, naye na mwalimu wake, huko nyuma mpaka kwa Buddha mwenyewe. Nami natamka. Chome, shika."

"Nimeshika," akasema Chome.

Akamtamkisha maneno ya kukimbilia, mara tatu, kwa lugha yao ya zamani. Walipofika kwenye ahadi Dama akasema haijui lugha ile, na ahadi ambayo mke haielewi si ahadi. Wimalasena akaona ni kweli. Kwa hiyo Chome alisema kila moja kwa lugha yao, kisha kwa Kiduruma: kutoua, kutochukua asichopewa, kutozini, kutosema uongo. Ilipofika ya tano, ya vileo, akaisema.

"Hiyo rudia," akasema Dama.

Akairudia.

"Tena, baba yangu hasikii vizuri."

Mzee Mramba anasikia vizuri kuliko popo. Chome akairudia ya tatu, na safari hii sauti ilimkatika katikati, akaimalizia kwa kunong'ona. Hakuna aliyecheka.

Ikabaki ada. Chome akamtoa kuku kikapuni akamweka mbele ya Wimalasena kwa mikono miwili. Wimalasena akampokea kwa mikono miwili, hakupunga mkono. Akasema ameikubali ada, na kwamba kwao zawadi kubwa ni kumwondolea kiumbe hofu. Kuku huyu asichinjwe mpaka afe mwenyewe. Mzee Mramba akafikiri, akasema hajapata kuona ada ya namna hiyo, lakini damu iliyobaki ndani ya kuku nayo ni damu. Imetosha. Na kwa kuwa mpokeaji anapanda meli, ada ikae kwa shahidi.

Basi sasa nina kuku ambaye kisu hakimgusi. Mwanasiti amesema kwamba katika nyumba hii ndiye wa kwanza kupata usalama wa maneno yangu.

Dama aliondoka na baba yake. Ila alipita karibu na Chome, akaiweka sawa bafta begani pake, akaenda.

Jumanne, 2 Juni

Dama hajarudi. Chome ametengeneza mlango.

Ijumaa, 5 Juni

Sheikh amesikia. Alinishika mkono mlangoni mwa msikiti akauliza, kwa upole mwingi, kama ni kweli nimekuwa shahidi wa mtu kukabidhiwa njia na mwenye njia. Nikasema ni kweli. Akanyoosha mkono wake wa kuume. "Basi, Bwana Makame, mkono wenyewe huu hapa."

Nilimwambia kwamba kukabidhiwa ni jambo moja na kuomba ruhusa ni jingine. Chome alitaka mtu wa kumwonea haya, wala hakumwomba mtu ruhusa ya kupumua. Mimi kitabu changu nakisoma bila kubisha hodi kwake, na haya ninayo, namwonea Mwanasiti. Sheikh akacheka, na mkono hakuurudisha. Nikaushika, kwa salamu tu. Nimemwambia hivyo, kwa salamu tu. Akasema salamu nayo ina mlolongo wake.

Nimefuta kurasa tatu za kijitabu. Sita za Chome nimezichana zote, si zangu. Zilizobaki bado ni kali.

Alhamisi, 18 Juni

Wimalasena amekwenda. Hakutaka tumsindikize mpaka bandarini. Kikombe chake alikiosha mwenyewe, akakipindua juu ya sinia. Nilikuwa nimeweka akiba hoja moja nzito ya kumpa njiani aendelee kuitafuna baharini. Nilipomkumbatia niliisahau. Alimuaga Chome kwa kumshika mabega. Alisema, "Jicho, si mkono." Chome akasema, "Ndiyo, Bwana." Ndiko kuagana kwao.

Nina miaka hamsini na mbili na leo sina wa kubishana naye isipokuwa sheikh.

Jumatatu, 22 Juni

Kiwanda kimefunguliwa. Jua kali, moshi wa sukari hadi kwetu.

Jumapili, 28 Juni

Mchana Randu, anayepakia miwa, alipita akasema pamechafuka kiwandani. Mpishi mpya, kijana wa bara mwenye haraka, alimtukana Chome mbele ya watu, akamtukania na mama, na kumsukuma kwa kile kijiko kirefu cha kuonjea shira. Chome alisimama. Wote waliona ngumi zimefungwa. Kisha akaondoka, akatoka langoni, akashika njia ya minazini, kule wanakogema.

Nilivaa viatu bila soksi. Njia nzima nilitunga maneno, mengine makali ya kumzuia, mengine laini ya kumwokota. Kwa wagema hayupo, walisema alipita kama upepo. Nikageuka kwenda kwake, moyo unagonga kama nina miaka tisini.

Mlango ulikuwa mahali pake, umerudishwa. Nikausukuma kidogo. Chome alikuwa ameketi kitako juu ya mkeka, mgongo wima, jasho linamtiririka usoni. Ngumi bado amezifunga juu ya magoti, na nilipokuwa nikitazama moja ilikuwa ikifunguka, kidole baada ya kidole. Na kando yake, ameketi vivyo hivyo, macho amefumba, alikuwa Dama. Furushi lake la khanga lilikuwa karibu na jiko jipya.

Dama ndiye aliyefumbua jicho moja. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba amefika asubuhi. Chome alipoingia na uso ule, hakumwuliza kitu. Alimwambia, nitamkie na mimi. Akamtamkia. Akashika.

Sikuweza kujizuia. Nikamwuliza, na ada?

"Nimerudi, baba," akasema. "Ada gani tena?"

Akalifumba jicho lake.

Nilikaa kwenye kizingiti, miguu nje, mpaka walipomaliza. Sijui ni muda gani. Niliporudi nyumbani Mwanasiti alikuwa akimtupia mtama kuku mweupe, naye amekalia mayai na hataki kuinuka. Nikamsimulia. Akaniuliza nimewaambia nini, mimi niliyekwenda na maneno yote yale.

Nikamwambia hawakuniuliza.